Miti ya Dunia Nzima

Kila mara redio inaposema kwamba mataifa yamekutana na kuahidi kukomesha ukataji wa misitu, mama yangu huizima. Hagombi wala hatukani. Hunyoosha mkono, hugeuza kile kitufe, kisha huendelea kuchambua mchele wake. Wajukuu hulalamika kwamba walikuwa wanasubiri mpira. Huwaambia wavute subira, wale watu wakishamaliza kuahidi mpira utakuja, na kwa kawaida hawakawii.

Mimi nina tabia mbaya ya kuchokonoa kidonda, kwa hiyo nikiwa peke yangu husikiliza mpaka mwisho. Nasikia wameahidi tena, kwa hiari, kwamba ukifika mwaka fulani miti itakuwa salama. Mwaka wa ahadi iliyotangulia hupita kimyakimya, hakuna anayeuulizia, na ahadi mpya hupewa mwaka mpya. Waliosaini hupigwa picha wakitabasamu. Baba yangu naye alipigwa picha siku alipoahidi, ameushika mche mmoja kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa kichanga cha jirani akiogopa kukiangusha. Picha yenyewe hatukuwahi kuiona, iliondoka na wenyewe.

Tulikuwa tunakaa Mgeta, kule juu, ambako kabichi ikikuponyoka mkononi unakwenda kuiomba kwa jirani wa chini. Baba hakuwa mwenyeji. Alikuja ujanani na kazi ya uashi, kujenga mabweni ya misheni, na kazi ilipoisha akabaki. Watu wote walimwita Fundi, hata baada ya mwiko wake kushika kutu. Kwetu Waluguru ardhi hufuata mama. Shamba la ukoo wa baba, ng'ambo ya mlima, lilikuwa la dada zake na watoto wa dada zake. Sisi watoto wake mwenyewe tusingerithi hata kona ya kufugia kuku. Mama naye alitoka ng'ambo hiyohiyo, na ardhi ya ukoo wao ilikuwa imegawanywa mpaka ikachoka. Basi baba aliomba shamba kwa ukoo uliomiliki ule mgongo wa mlima, akapewa kipande cha juu kabisa, kinachopakana na msitu.

Ukipewa shamba namna ile unakuwa mgeni, hata ukikaa mpaka ukaota mvi. Kila baada ya mavuno tulipeleka ngoto kwa mndewa, kiongozi wa ule ukoo: kuku, kapu la maharage, chungu cha pombe. Ngoto haikuwa kodi. Ilikuwa namna ya mgeni kusema, bado nakumbuka hapa ni kwenu. Nilipenda sana siku ya kupeleka ngoto, kwa sababu mama alinipaka mafuta mpaka magotini, na mndewa alikuwa na desturi ya kumsifia kuku hata kama ni kijikuku cha kuhurumiwa. Yeye na baba walikuwa marafiki wa kweli. Walikaa kwenye ukumbi wa nyumba wakipokezana kata ya pombe na kubishana kama mvua za zamani zilikuwa nyingi kuliko za siku hizi.

Palikuwa na sharti moja ambalo hakuna aliyewahi kulitamka, maana kila mtu alizaliwa akilijua. Mgeni hupanda kitu cha kuvunwa kikaisha: maharage, njegere, viazi, kabichi. Mgeni hapandi mti. Mti hukaa kuliko mtu, na anayeupanda anasema shamba ni lake, hata asipofungua mdomo. Mama alitamani mplamu nyuma ya jiko, akautamani miaka yote tuliyokaa pale, na hakuupanda.

Miaka niliyopata akili ndiyo ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia watu biashara. Madukani sabuni ilirudi, na vitenge, na redio za betri. Malori ya watu binafsi yalianza kupanda mlima kufuata kabichi na karoti za kupeleka Dar es Salaam, na vijana walioondoka kutafuta kazi za mjini wakarudi kutafuta mashamba. Mbolea, ambayo zamani ililetwa kwa bei ya serikali, sasa iliuzwa kwa bei ya mwenye duka. Asiyeweza kuinunua alifanya hesabu yake rahisi: udongo wa msituni hauhitaji mbolea. Kila msimu mashamba yalipanda juu kidogo na msitu ukarudi nyuma kidogo. Hakuna aliyejiona kuwa mharibifu. Kila mtu alikata miti yake michache tu, kwa ajili ya watoto wake, nami sijui ningewaambia nini kama ningekuwa mkubwa.

Hapo ndipo mradi ulipokuja. Tuliitwa kwenye uwanja wa mpira wa shule, wanaume upande huu na wanawake upande ule, na gari la mradi limeegeshwa golini. Walikuwepo Wazungu wawili waliokuwa wamekwisha kuungua pua, na bwana miti, Mswahili mwenzetu, kijana mpole mwenye sauti nzuri, aliyesema kwa niaba yao. Alitueleza kwamba mataifa makubwa na madogo yamekutana mbali huko na kukubaliana kuiacha misitu ipumue. Hakuna taifa lililolazimishwa. Kila moja limeahidi kwa hiari yake. Sasa wanataka na sisi tunaopakana na msitu tuahidi kwa hiari yetu kwamba hatutaukata, na kila kaya itapewa miche ya kupanda kwenye mpaka.

Mzee mmoja akauliza, "Na atakayevunja ahadi?"

"Hakuna adhabu, mzee wangu," bwana miti akasema. "Ni hiari."

Watu walicheka kwa raha. Wazee wale walikumbuka mkoloni alivyowachimbisha matuta kwa nguvu mlima mzima, na jinsi walivyokataa mpaka pakamwagika damu. Walikumbuka pia amri nyingine zilizokuja baadaye, za watu wetu wenyewe. Serikali inayokuja kuomba badala ya kuamuru lilikuwa jambo geni, na neno hiari likawa tamu mdomoni. Mikono ilinyooshwa uwanja mzima. Baba yangu hakunyoosha. Alisimama, akavua kofia, akauliza swali ambalo nadhani hakuna mtu mwingine katika dunia yote ya wenye ahadi aliyewahi kuliuliza.

"Miti hii itakuwa ya nani?"

Bwana miti alitabasamu. Akawatafsiria Wazungu, nao wakatabasamu. "Mzee wangu," akasema, "miti hii ni ya dunia nzima."

Nilimwona baba akilipokea jibu lile kichwani na kulipangia mahali. Ndipo aliponyoosha mkono, ndipo alipopigwa picha. Lazima nieleze jambo moja kuhusu baba yangu, maana bila hilo atafikiriwa kuwa mjinga, na mimi mtu akimwita baba mjinga tunakosana. Alikuwa mtu wa kupima. Kabla hajaahidi kitu alikizungukia kama fundi anavyozungukia kiwanja, na akishaahidi, basi. Alijua mgeni hapandi mti. Ndiyo maana aliuliza. Kama miti ni ya mgeni, ni kosa. Kama ni ya dunia nzima, mgeni kaazimwa tu mkono wa kuipandia. Hesabu yake ilikuwa imenyooka kabisa, na iliharibika kwa kuwa yeye peke yake ndiye aliyedhani kwamba maneno yaliyosemwa uwanjani yalikuwa na maana.

Mama alimwona akichimba mashimo akaacha jembe lake.

"Umemwuliza mndewa?"

"Nimemwuliza bwana miti."

"Bwana miti ndiye aliyekupa shamba?"

Baba alisema miti si yake, ni ya dunia nzima, watu wote walisikia. Mama alisema alichosikia yeye ni kuku wa ngoto akilia. Baba akatoa uzi wake wa uashi, akaukaza toka jiwe hadi jiwe, akaipanda ile miche kwenye mstari ulionyooka kuliko kitu chochote katika mlima ule. Ilikuwa migrevilea, ule mti wa majani yaliyochanikachanika kama manyoya. Aliipanda vizuri mno. Mtu aliyesimama upande wa pili wa bonde hakuona ahadi ya mataifa, aliona mpaka.

Wenyeji nao walichukua miche yao. Mingine mbuzi waliila siku ileile. Mingine ilikaushwa ikawa vijiti vya kusimamishia maharage. Jirani yetu mmoja alisahau yake nyuma ya nyumba ndani ya mifuko, ikafa imesimama. Walioinyoosha ile mikono waliendelea kukata juu kwa utaratibu uleule, na hakuna aliyewauliza. Sina kinyongo nao sana, lakini nataka ijulikane kwamba walioivunja ahadi wako Mgeta mpaka leo.

Miche ya baba ilishika. Ilinifikia kiunoni, halafu begani. Ikafika siku ya ngoto baada ya mavuno ya maharage, nikapakwa mafuta yangu, tukaenda. Mndewa hakuwepo nyumbani, tukaambiwa tuviache vitu. Jioni, jua bado lipo, mpwa wake alikuja kwetu. Aliamkia vizuri, akaweka chini chungu na kapu, akamweka na kuku pembeni, miguu bado imefungwa kwa kamba ya mgomba aliyoifunga mama. Akaondoka bila kuketi. Mama aliinama, akamfungua yule kuku. Ngoto ikirudishwa maana yake wewe si mgeni tena, na kama si mgeni na si mwenyeji, basi wewe ni mwizi.

Mndewa mwenyewe alikuja siku iliyofuata na wazee wawili. Alikataa kigoda, akasimama shambani, mkono mmoja umeshika tawi la mgrevilea kama mtu anayemshika shahidi.

"Fundi. Umepanda miti."

"Si yangu, mzee. Ni ya dunia nzima. Uliwasikia uwanjani."

"Niliwasikia." Kwa haki ya Mungu hakuwa na hasira, alikuwa na huzuni. "Sasa nieleze. Dunia ni ukoo gani? Mama yake nani? Mimi nikifa, mpwa wangu akitaka kujua mpaka wa shamba la bibi zake, amwendee nani huko duniani?"

Mndewa akasema vijana wa ukoo wamerudi kutoka mjini, wanataka mashamba, na kila siku wanamwonyesha ule mstari kutoka ng'ambo ya bonde. Amewazuia na atawazuia, ila baba amsaidie. "Ing'oe kwa mkono wako, mbele ya wazee hawa. Kuku nitampokea leo hii, na tutamla."

"Nimeahidi, mzee."

"Uliniahidi mimi kwanza."

Maneno yale nimekaa nayo mpaka leo. Yalikuwa ya kweli. Baba aliinamisha kichwa, akaomba muda wenye miti waje waseme kwa kinywa chao kwamba ni yao. Mndewa akampa mpaka mavuno mengine. Aliposhuka alimgusa baba bega, kisha akaufuta ule mkono kwenye shuka yake, nadhani bila kujua.

Mama hakungoja mavuno. Asubuhi moja baba akiwa kanisani alipanda juu, akakunja kanga, akaanza kung'oa. Mizizi ilikuwa imeshika, alivuta huku akilia na kumtukana bwana miti kwa Kiluguru. Aliing'oa michache, akachukua mmoja hadi kwa mndewa, udongo unadondoka njia nzima. Mndewa alimpokea kwa heshima akamwambia, "Mwanangu, aliyepanda ndiye ang'oe." Mama alirudi akamkuta baba amepiga magoti na nguo zake za kanisani, anairudishia mizizi chini mmoja mmoja, anaishindilia kwa ngumi. Walitazamana. Wakashuka nyumbani, kila mmoja kwa njia yake.

Nilimchukia baba siku ile, na nilimpenda mno, na sijaweza kutenganisha mambo hayo mawili mpaka sasa.

Gari la mradi lilikuwa limekoma kupanda mlima. Baba aliamua kulifuata. Tulishuka mjini Morogoro juu ya lori la kabichi, mimi na yeye, baba amevaa koti na kushikilia kofia isipeperuke. Tuliikuta nyumba ya mradi, tukakuta kibao kimeng'olewa na alama za misumari zimebaki. Ndani palikuwa na marobota ya mitumba mpaka darini. Mwanamke aliyekuwa anayahesabu alisema watu wa miti walikwisha kuondoka, muda wa mradi uliisha, fedha yao imekwenda nchi nyingine. Akatuelekeza kwa bwana miti, ambaye alikuwa amepunguzwa kazini kama wengi wa miaka ile na sasa ana duka la mbegu na dawa za mimea, karibu na soko.

Alimkumbuka baba. Alimwamkia, akatuletea soda, akafuta kiti kwa mkono wake. Baba alimweleza yote, bila kuruka ngoto wala kuku. Alichoomba kilikuwa kidogo: apande naye mlimani siku moja tu, asimame mbele ya mndewa, aseme ile miti ni ya nani.

Ningependa kusema yule kijana alikuwa mtu mbaya, ingenirahisishia.

"Mzee wangu," akasema, "mimi nikipanda leo nitasema kwa niaba ya nani? Ile ilikuwa ahadi ya hiari. Hata wao huko kwao waliahidi kwa hiari. Ungeing'oa tu, mzee. Hakuna ambaye angekuuliza."

Baba aliiweka soda chini, bado imejaa. "Hakuna?" akasema.

"Hakuna, mzee."

Tulitembea hadi stendi. Nilidhani amekasirika, nikamtazama, nikaona uso wa mtu aliyepewa habari ya msiba na bado anatafuta mahali pa kuketi. Kwenye lori la kurudi aliniambia jambo moja tu, kwamba ukuta unaoachwa na fundi bila mwenye nyumba bado ni ukuta.

Alijaribu. Hilo ndilo watu wasilolijua wanapomwita mbishi. Siku mavuno yalipokwisha alipanda pamoja na mndewa na wale wazee wawili, mama na mimi nyuma. Alitema mate viganjani, akaushika mti wa kwanza chini kabisa, akainama kuvuta. Alikaa vile, mgongo umepinda, mishipa ya shingo imetoka. Mti haukutikisika kwa sababu hakuwa anavuta. Baadaye aliachia, akasimama, akasema kwa sauti ya kawaida, "Nisameheni. Mkono haukubali." Mndewa alivua kofia. Alilia waziwazi, mzee wa watu, na akatwaa shamba lake kama alivyopaswa kulitwaa.

Tulishukia Mwembesongo, mjini Morogoro, kwenye chumba kimoja na kibaraza. Uashi ulikuwa na vijana wengi wenye nguvu, na mgongo wa baba ulikuwa umeisha. Biashara iliyokuwa wazi kwa mtu asiye na mtaji wala ardhi ilikuwa mkaa. Uliletwa kwa magunia kutoka njia ya Dumila, naye aliupima kwa kopo pale kibarazani kwa akina mama wa mtaa. Ndiyo, baba yangu, aliyepoteza shamba kwa ajili ya miti ya dunia nzima, aliuza mkaa mpaka alipokufa. Watani wake wa mtaani walipojua kisa chake hawakumpa nafasi ya kupumua. "Fundi, huu nao ni wa dunia nzima?" Alicheka nao. Niliporudi kutoka shuleni siku moja nikiwa na hasira zangu nilimwuliza imekuwaje auze kile alichokikataa. Akaniambia ule wa Dumila hakuuahidi yeye. Kisha akanawa mikono, muda mrefu kuliko ilivyohitajika, weusi wa kwenye kucha ukabaki.

Mapafu yake yalijaa vumbi lile. Katika miezi yake ya mwisho alipenda tumbebe hadi mahali ambapo paa la jirani haliuzibi mlima. Toka mjini huwezi kuona mstari wa migrevilea, uko mbali, na uko upande mwingine kabisa. Aliutazama hata hivyo. Aliniuliza kama nadhani imekua. Nilimwambia imekua, baba, lazima imekua.

Tulimzika, na arobaini ilipopita nikapanda Mgeta kupeleka taarifa, kama heshima inavyotaka. Yule mndewa rafiki yake alikuwa amekwisha kufa. Aliyeshika nafasi ni mpwa wake, yuleyule aliyeturudishia kuku, sasa mtu mzima mwenye sauti ya taratibu. Juu ya mashamba, pale nilipouacha msitu, palikuwa na kabichi. Nilitafuta ule mstari, nikauona. Niliona visiki, vimenyooka, toka jiwe hadi jiwe, bado vyeupe na utomvu haujakauka.

"Tuliitunza," mndewa mpya akasema kabla sijauliza. "Miaka yote hii. Msituni walikata, hapa hawakugusa. Mjomba alituapisha. Alisema sisi hatukuipanda, na aliyeipanda hakuing'oa, basi haina mtu wa kuikata." Alikohoa. "Ila sasa Fundi amefariki, habari ilifika kabla yako. Tukasema, tufanye kwa utaratibu. Tukamwita mrithi."

Mrithi. Nilikuwa nimesimama mbele yake, damu ya Fundi, niliyeshika upande mmoja wa uzi alipokuwa anaipanda. Halafu nikakumbuka mimi ni nani. Mti hupita njia ya ardhi, na ardhi hufuata mama. Walikuwa wamemwita mtoto wa dada yake baba, kutoka ng'ambo ya mlima, mtu mwema ambaye hakuwahi kuiona ile miti na hakuna aliyemsimulia ahadi. Alikuja, akaulizwa, akasema ikateni. Hakulazimishwa na mtu. Hakuna aliyevunja desturi, na sikupata wa kumgombeza. Nilikaa kwenye kisiki kimoja nikalia kwa sauti, na yule mndewa akakaa kwenye cha pili akaningoja nimalize.

Mbao zilikuwa zimekwisha kuondoka na lori. Matawi walikuwa wameyachoma mkaa. Nilipoaga walinifungia gunia, zawadi ya mgeni, maana kwa Waluguru mgeni haondoki mikono mitupu na akikataa amewatukana. Walichagua vipande vikubwa na kulishona mdomo vizuri kwa kamba ya mgomba. Nililipokea kwa mikono miwili.

Mama aliliona linashushwa mlangoni. Aliuliza ni mkaa wa wapi, nikamwambia. Alitia kidole kwenye tundu la gunia, akagusa kipande kimoja. Nilingoja aseme alichokuwa na haki ya kukisema, kwamba aliona mapema, kwamba angeing'oa tu tungekuwa na shamba. Alisema, "Kumbe ilikua mikubwa."

Wiki ile mvua ilinyesha sana na magari ya Dumila hayakuja. Kibarazani, ambako sasa mama ndiye aliyeuza, hapakuwa na mkaa mwingine. Jirani yetu alikuja na kopo lake, ana mgonjwa ndani, anataka kuchemsha uji. Mama alikuwa ameketi mlangoni na lile gunia limesimama nyuma ya mgongo wake, limejaa mpaka mdomoni. Alilifunika kwa upande wa kanga yake.

"Umekwisha, mwanangu," akamwambia. "Jaribu kwa jirani."